Haujakamilika au Haukukamilika: Uhakiki wa Mpaka wa Muamala katika Msimbo wa Programu za Malipo

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wanaprogramu wanavyouandika muamala wa kanzidata ndani ya msimbo wa programu za malipo, kwa kutumia mfano wa uuzaji wa tokeni za umeme katika vibanda vya mawakala wa Chanika, Dar es Salaam. Hoja inayotetewa ni kwamba kasoro kuu ya msimbo huo si ukosefu wa amri za kuanza na kuthibitisha muamala. Kasoro ni kuuweka mpaka wa muamala mahali ambapo mwandishi wake hana mamlaka, kisha kumwambia mteja jambo ambalo programu yenyewe hailijui. Uhakiki unaegemea maandishi ya Jim Gray kuhusu dhana ya muamala pamoja na sarufi ya ukanushi katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo mjini kuelekea Chanika hupita Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto na Pugu, na katika kila kituo cha daladala pana vibanda vya mawakala wa fedha za simu. Vodacom Tanzania ilianzisha M-Pesa mwaka 2008. Mitandao mingine ikafuata, na baada ya miaka michache kutuma na kupokea fedha kwa simu kukawa shughuli ya kila siku kwa watu ambao hawajawahi kufungua akaunti benki. Pamoja na huduma hiyo likaenea neno. Hapo awali muamala lilisikika zaidi katika mazungumzo ya wazee na katika mafundisho ya dini. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kutendeana. Katika fikihi husimama upande wa pili wa ibada, yaani mambo ya mtu na mtu mwenziwe, si ya mtu na Mola wake. Mwaka 2021, Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu na halikuhitaji kufasiriwa.

Wanakompyuta nao, walipotafuta neno la Kiswahili la kundi la amri za kanzidata zinazopaswa kutekelezwa zote au kuachwa zote, walilichukua neno hilohilo. Uamuzi huo una mantiki, na makala hii inaufuata. Hata hivyo, umezaa hali inayostahili kuhakikiwa: neno moja sasa linabeba vitu viwili ambavyo mipaka yake hailingani. Muamala wa mteja huanza anapotoa noti dirishani na huisha taa zinapowaka nyumbani kwake. Muamala wa kanzidata huanza kwa amri ya BEGIN na huisha kwa COMMIT, mara nyingi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, katika seva moja. Mwanaprogramu anayedhani kwamba viwili hivi ni kitu kimoja huandika msimbo unaopendeza kusoma na unaopoteza fedha za watu.

Fedha zenyewe si nyingi kwa macho ya mtu wa benki. Mteja wa Chanika hununua umeme wa shilingi 5,000, pengine 2,000. Lakini kwa fundi wa kuchomelea au mwenye saluni, elfu tano iliyokatwa bila tokeni kufika ina maana ya asubuhi nzima ya kazi kusimama, kwa kuwa hana elfu tano ya pili ya kujaribia. Wakala naye hulipwa kamisheni ndogo kwa kila mauzo. Mauzo mamoja yakipotea, humeza kamisheni za siku nyingi. Kwa hiyo usafi wa msimbo unaojadiliwa hapa si suala la ladha ya waandishi wa programu peke yao.

2.0 Ndoa, talaka na amri ya ROLLBACK

Dhana ya muamala wa kanzidata ilikomazwa na watafiti kadhaa wa miaka ya 1970, akiwamo Jim Gray wa maabara ya IBM huko San Jose, ambaye baadaye, mwaka 1998, alitunukiwa Tuzo ya Turing. Katika makala yake ya mwaka 1981 iliyochunguza fadhila na mipaka ya dhana hiyo, Gray aliichota moja kwa moja kutoka katika sheria ya mikataba: pande mbili hujadiliana, kisha hufikia tendo moja linalozifunga. Mfano wake ni ndoa ya Kikristo, ambapo mchungaji huuliza kila upande na, akishapata majibu mawili ya ndiyo, hutangaza kwamba ndoa imefungwa. Miaka miwili baadaye Härder na Reuter (1983) walizikusanya sifa nne za muamala chini ya jina ACID: kutogawanyika, uthabiti, utengano na udumifu. Vitabu vya kiada huzikariri sifa hizo nne na kuusahau mfano wa ndoa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kilichosahauliwa ndicho chenye manufaa zaidi.

Msomaji wa Pwani ana mfano huo nyumbani. Ijabu ikitamkwa na kabuli isije, hakuna ndoa. Hakuna cha kuvunja, hakuna talaka, hakuna eda. Pilau huenda likaliwa au lisiliwe, lakini kisheria hapakutokea kitu. Hiyo ndiyo ROLLBACK. Kanzidata inaporejea ilikokuwa, haifuti muamala uliokuwapo. Inasema kwamba haukuwahi kuwapo. Kabuli ikishatamkwa, mambo hubadilika. Ndoa ipo, na anayetaka kutoka ndani yake sharti apite mlango mwingine wenye taratibu, mashahidi na muda wa kusubiri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo hutenganisha ndoa iliyo batili na ndoa inayovunjwa kwa talaka.

Kile ambacho madirishani huitwa "kurudisha muamala" ni cha aina ya pili. Fedha zimekwisha kupokelewa na upande mwingine. Zinaporudi, hurudi kwa muamala mpya, wenye tarehe yake na namba yake, unaokwenda kinyume na ule wa kwanza bila kuufuta. Garcia-Molina na Salem (1987) waliupa mfululizo wa hatua za namna hii jina la saga, ambapo kila hatua iliyothibitishwa huwa na hatua yake ya kufidia. (Jina hilo, kwa bahati tu, humkumbusha Mswahili kinu, na ukumbusho huo haumpotoshi: unga haurudi kuwa nafaka.)

Msamiati wetu hauzioni tofauti hizi. Tafsiri zinazotumika kwa ROLLBACK ni kurudisha, kubatilisha na kutengua, zikibadilishana nafasi bila mpango. Kutengua ndiyo inayopotosha kuliko zote. Magazeti yanapoandika kwamba uteuzi wa kiongozi umetenguliwa, hakuna msomaji anayeelewa kwamba kiongozi huyo hakuwahi kuteuliwa. Alikalia kiti, alisaini barua, na barua hizo zipo. Inapendekezwa hapa kwamba ROLLBACK iitwe kughairi, kwa sababu mtu hughairi jambo kabla hajalitimiza, na kwamba hatua ya kusawazisha jambo lililokwisha kuthibitishwa iitwe kufidia. Maneno haya mawili ndiyo yatakayotumika katika sehemu zinazofuata.

3.0 Kifungu kinachohakikiwa

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya uhakiki huu, kwa maneno ya Kiswahili badala ya lugha yoyote ya programu, ili umbo lake lionekane. Msomaji aliyewahi kufanya kazi na Laravel, Django au Spring atalitambua umbo hilo mara moja. Programu inauza tokeni za LUKU kwa niaba ya wakala, na floti ya wakala imehifadhiwa katika kanzidata ya programu hiyo.

anza muamala
    soma salio la floti ya wakala
    kama salio halitoshi: acha
    kokotoa na uandike salio jipya
    omba tokeni kwa mfumo wa umeme
    hifadhi tokeni katika jedwali la mauzo
    tuma ujumbe mfupi kwa mteja
thibitisha muamala
ikitokea hitilafu: ghairi yote, mwambie mteja "Muamala haujakamilika, jaribu tena"

Haki itendeke kwanza kwa mwandishi wa kifungu hiki. Amefikiri. Ameona kwamba kukata floti na kuhifadhi tokeni ni mambo yasiyopaswa kutengana, na ameyafunga pamoja. Mwanzo wa kazi na mwisho wake vinaonekana, na msomaji hahitaji kutafuta faili nyingine ili ajue kinachotokea. Aidha, zana zenyewe zimemwelekeza huko: Django ina mpangilio wa ATOMIC_REQUESTS unaolifunga kila ombi la mtumiaji ndani ya muamala mmoja, Spring hufunga fanksheni nzima kwa alama ya @Transactional iliyowekwa juu yake, Laravel hupokea kifungu kizima ndani ya DB::transaction. Zana huuweka mpaka pale fanksheni inapoanza na inapoishia kwa sababu fanksheni ndicho kitu pekee zinachokijua. Biashara ya umeme hazijui, na haziwezi kulaumiwa kwa hilo.

Kifungu kinavunjika pale inapoombwa tokeni. Mstari huo unatoka nje ya kanzidata, na amri ya kughairi haina mkono huko. Chukua hali mbili. Katika ya kwanza, tokeni inatolewa, kisha muunganisho wa kanzidata unakatika kabla ya tokeni kuhifadhiwa. Programu inaghairi, floti ya wakala inarejea kamili, na tokeni iliyokwisha kuuzwa haina mwenyewe. Katika hali ya pili, mtandao unanyamaza. Programu inasubiri sekunde 30, inachoka, inauchukulia ukimya kuwa ni hapana, na inaghairi. Lakini ombi lilikuwa limefika. Ni jibu tu lililopotea njiani. Mteja anatii agizo la kujaribu tena, na tokeni ya pili inatengenezwa. Sasa mfumo wa umeme una mauzo mawili, na kanzidata ya programu ina moja. Hakuna hitilafu yoyote iliyoandikwa mahali popote, kwa sababu kwa maoni ya msimbo kila kitu kilikwenda sawa.

Ujumbe mfupi nao unatumwa kabla ya kuthibitisha. COMMIT yenyewe inaweza kushindikana, na ujumbe uliokwisha kuingia katika simu ya mteja haughairiki. Waandishi wa zana wanalijua tatizo hili: Django ina on_commit, na Laravel huruhusu kazi za foleni zisubiri hadi muamala uthibitishwe. Ni nafuu ya kweli, ingawa haitoshi, kwa kuwa seva ikizimika kati ya kuthibitisha na kutuma, ujumbe hupotea bila kumbukumbu kwamba ulipaswa kutumwa.

Kuna madhara mengine ambayo mteja hayaoni moja kwa moja. Tangu salio jipya lilipoandikwa hadi muamala unapothibitishwa, kanzidata imeweka kufuli kwenye safumlalo ya wakala huyo. Iwapo wakala ana msaidizi mwenye simu ya pili, mauzo ya msaidizi yanasubiri. Kila anayesubiri ameshika muunganisho mmoja wa kanzidata, na PostgreSQL, isipobadilishwa mipangilio yake, huruhusu miunganisho 100 tu. Jioni, watu wanaporudi nyumbani na kukuta mita zimekatika, kuchelewa kwa mfumo wa mtu mwingine kunatosha kuisimamisha programu nzima, pamoja na sehemu zake ambazo hazihusiani na umeme hata kidogo.

Hata mistari inayobaki ndani ya kanzidata haiko salama. Tuseme floti ni shilingi 100,000 na mauzo mawili ya 80,000 yanafika pamoja. Katika kiwango cha utengano ambacho PostgreSQL hukitumia kwa kawaida, yote mawili yatasoma 100,000, yote mawili yataona salio linatosha, na yote mawili yataandika 20,000. Zimeuzwa tokeni za 160,000 na floti imepungua kwa 80,000. MySQL, ambayo kiwango chake cha kawaida ni cha juu zaidi, hutoa matokeo hayohayo kwa msimbo huu. Watu wengi huamini kwamba kuwa "ndani ya muamala" kunawakinga. Imani hiyo haina msingi. Kinga ni kuiachia kanzidata hesabu: amri moja ya kupunguza floti kwa sharti kwamba inatosha, kisha kukagua kama kuna safumlalo iliyobadilika.

Kuhusu mstari wa mwisho, maneno "ikitokea hitilafu" hayana maana moja katika zana zote. Spring, isipoelekezwa vinginevyo, hughairi kwa baadhi ya aina za hitilafu na huthibitisha kwa nyingine. PostgreSQL, amri moja ikishindikana, hukataa amri zote zinazofuata hadi muamala ughairiwe. MySQL kwa hitilafu nyingi huiacha amri iliyoshindikana peke yake na kuruhusu zinazofuata ziendelee. Mwanaprogramu anayeinasa hitilafu katikati ya kifungu na kuinyamazisha atapata kelele katika kanzidata moja na muamala nusunusu katika nyingine.

4.0 Sarufi ya taarifa

Sehemu ya kifungu ambayo haijazungumziwa ni sentensi inayomfikia mteja. Kwa kawaida sentensi hizi huandikwa mwishoni, pengine na mtu asiyeandika msimbo, na hakuna anayezikagua. Makala hii inazichukulia kuwa sehemu ya msimbo, tena sehemu inayofichua zaidi fikra zilizo nyuma yake.

Kiswahili kina njia mbili za kukanusha jambo lililotarajiwa kuwa limetokea, nazo hazilingani. "Haukukamilika" hulifunga jambo: ulikuwapo wakati wake, wakati huo umepita, na halikutimia. "Haujakamilika" huliacha wazi: hadi sasa bado, na huenda likatimia. Mtoto mdogo hazichanganyi. Mama akiambiwa kwamba mtoto hajala, humpakulia. Akiambiwa kwamba jana usiku hakula, huuliza kama anaumwa. Mofimu -ja- hubeba matarajio ambayo -ku- imeyazika.

Sasa isomwe tena taarifa ya kifungu: "Muamala haujakamilika, jaribu tena." Nusu ya kwanza inamwambia mteja asubiri. Nusu ya pili inamwambia kwamba jambo limekufa na aanze jipya. Sentensi inajipinga yenyewe, na mteja, kwa busara yake, hufuata nusu yenye kitenzi cha kuamuru. Anajaribu tena. Ikiwa muamala wa kwanza ulikuwa kweli haujakamilika, atalipia mara mbili.

Si jambo la mhariri kusahihisha na kupita. Sentensi imejipinga kwa sababu msimbo ulio chini yake una njia mbili kwa hali tatu. Mfumo wa umeme unaweza kujibu ndiyo. Unaweza kujibu hapana, kwa mfano namba ya mita ikiwa si sahihi. Na unaweza kukaa kimya. Muundo wa kunasa hitilafu uliomo katika lugha nyingi za programu una milango miwili tu, kufaulu na kushindwa, na ukimya husukumwa katika mlango wa kushindwa kwa kuwa hakuna mwingine. Msimbo wa Kiingereza unaweza kuuficha uvivu huu kwa neno moja lenye utata. Kiswahili hakiruhusu kirahisi, maana kitenzi chenyewe humlazimisha mwandishi achague kati ya -ku- na -ja-. Hapa lugha inaonekana kuwa mbele ya zana, na ni ajabu kwamba wanaprogramu wa Kiswahili hawajaitumia neema hiyo.

Pendekezo ni jepesi kulisema. Safuwima ya hali katika jedwali la mauzo iwe na thamani tatu, na ziandikwe kwa Kiswahili: umekamilika, haukukamilika, haujakamilika. Maneno "jaribu tena" yaruhusiwe kufuatana na "haukukamilika" peke yake, na "haukukamilika" iandikwe tu pale upande wa pili uliposema hapana kwa kinywa chake.

Ifaa kutaja hapa kwamba kifaa kilichomo ukutani mwa mteja kimelielewa jambo hili kuliko programu nyingi. Tokeni ya LUKU, huduma ambayo jina lake ni kifupisho cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ina tarakimu 20. Mteja akiziingiza mara ya pili, kwa kusahau au kwa kujaribu bahati, mita hukataa. Inakumbuka kwamba tokeni hiyo imekwisha kutumika, na uniti haziongezeki wala hazipungui. Kurudia hakuna madhara. Mwanaprogramu anayeuza tokeni hizo angefanya vyema kuuliza ni kwa nini kurudia kuna madhara upande wake na hakuna upande wa mita.

5.0 Mahali pa kuweka mpaka

Kifungu kinaweza kuandikwa upya kama ifuatavyo.

muamala wa kwanza:
    punguza floti, kwa sharti kwamba inatosha
    andika mauzo: namba ya kumbukumbu, mita, kiasi, hali "haujakamilika"
thibitisha

omba tokeni kwa kutumia namba ileile ya kumbukumbu

muamala wa pili, kwa sharti kwamba hali bado ni "haujakamilika":
    jibu ni ndiyo: hifadhi tokeni; hali "umekamilika"; weka ujumbe katika jedwali la ujumbe
    jibu ni hapana: fidia floti, hali "haukukamilika", weka ujumbe katika jedwali la ujumbe
    kimya: usiguse chochote
thibitisha

Muamala mmoja wa mteja umekuwa miwili ya kanzidata, na kati yake pana uwazi ambao msimbo hauutawali. Uwazi huo ulikuwapo hata katika kifungu cha kwanza. Tofauti ni kwamba sasa umeandikwa. Iwapo seva itazimika mahali popote kati ya mistari hii, jedwali la mauzo litabaki na safumlalo inayosema ukweli: tuliomba, na hatujui. Kazi nyingine, inayoamka kila baada ya dakika kadhaa, hukusanya safumlalo za namna hiyo na kuuliza mfumo wa umeme habari za kila namba ya kumbukumbu. Sharti lililowekwa katika muamala wa pili linazuia jibu lililochelewa na jibu la ulizo yasifanye kazi ileile mara mbili. Ujumbe wa mteja hautumwi ndani ya muamala. Huandikwa katika jedwali, ukithibitishwa pamoja na tokeni, na kutumwa baadaye na mtumaji ambaye akizimika ataamka na kuukuta bado unamsubiri. Akizimika baada ya kutuma na kabla ya kuweka alama, mteja atapokea ujumbe uleule mara mbili, jambo ambalo mita, kama ilivyoelezwa, inalivumilia.

Namba ya kumbukumbu ndiyo mhimili wa yote haya. Sharti itungwe kabla ya ombi kutoka, ihifadhiwe kabla ya ombi kutoka, na isibadilike ombi linaporudiwa. Upande wa pili nao sharti uwe tayari kulijibu ombi la pili lenye namba ileile kwa jibu lilelile la kwanza, bila kutengeneza tokeni mpya, au angalau uwe na njia ya kuulizwa hali ya namba fulani. Kama haupo tayari kwa lolote kati ya hayo, hakuna ustadi wa msimbo utakaosaidia. Hilo ni suala la kujadiliwa na watu wanaosaini mikataba, kabla mwanaprogramu hajafungua kompyuta yake.

Helland (2007) alifikia msimamo unaokaribiana na huu kwa njia nyingine. Alidai kwamba mifumo mikubwa haiwezi kutegemea muamala mmoja unaovuka seva nyingi, na kwamba hali ya kutojua inapaswa kushughulikiwa katika mantiki ya biashara yenyewe. Alikuwa akifikiria mifumo mikubwa mno. Mfano wa Chanika unaonyesha kwamba ukubwa si sharti. Seva moja ndogo inayozungumza na mfumo mmoja wa jirani tayari imo katika hali aliyoieleza.

Wala jambo hili si geni kibandani. Wakala anayeweka daftari huandika saa, namba ya mita na kiasi mara tu anapopokea fedha, na nafasi ya tokeni huiacha tupu hadi ujumbe ufike. Haandiki kwa penseli ili aje kufuta. Mteja akirudi jioni kulalamika, wote wawili huinamia mstari uleule, na nafasi tupu ni ushahidi wa upande wa mteja. Kifungu cha kwanza cha sehemu ya 3.0 kinamnyima ushahidi huo: kikishaghairi, mwenye programu akifungua jedwali la mauzo hataona mstari wowote, na atamjibu mteja, kwa unyoofu kabisa, kwamba hakuna ombi kama hilo.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la kinadharia. Ipo itifaki ya kuthibitisha kwa awamu mbili, iliyoelezwa na Gray mwaka 1978, ambayo huziwezesha kanzidata kadhaa kuthibitisha au kughairi kwa pamoja. Kwa nini isitumike? Kwa sababu inahitaji kila upande ukubali kuweka kufuli na kungoja amri ya mratibu. Mwenye mfumo wa umeme wa nchi nzima hatamruhusu mwenye programu ya mtaani ashike kufuli ndani ya kanzidata yake, na hafanyi kosa kukataa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Inaweza kudaiwa kwamba kifungu kilichoandikwa upya ni kirefu, kina jedwali moja zaidi na kazi mbili zinazoendeshwa pembeni, na kwamba mwanaprogramu anayefanya kazi peke yake hataweza kuutunza mzigo huo. Ni kweli, na si kila programu inauhitaji. Programu ya kikundi cha VICOBA, inayorekodi hisa za wanachama, mfuko wa jamii na marejesho ya mikopo, huandika kila kitu katika kanzidata yake yenyewe. Mhasibu akiingiza makusanyo ya mkutano wa Jumamosi, kifungu kimoja kikubwa kinachothibitisha yote au kughairi yote ndicho kinachofaa, maana hakuna mstari hata mmoja unaotoka nje. Kukigawa ili kufuata mtindo kungekuwa kosa la kinyume: kikundi kingejikuta na hisa zilizoingia na mfuko wa jamii ambao haukuingia, hali ambayo biashara yao haiitambui. Siku kikundi hicho kitakapotaka makusanyo yaingie moja kwa moja kutoka katika simu za wanachama, mstari wa kwanza utakuwa umetoka nje, na mpaka utapaswa kuhamishwa siku hiyohiyo, si baada ya mwanachama wa kwanza kulalamika.

Lipo na pingamizi la tatu, ambalo wenye biashara hulitoa kwa sauti ya chini: mteja akiambiwa "haujakamilika, subiri", atafikiri mfumo ni mbovu, lakini akiambiwa "jaribu tena" atajilaumu mwenyewe au ataulaumu mtandao. Hoja hii inastahili kutajwa kwa sababu ndiyo inayoshinda katika mikutano. Inachokitetea ni taarifa ya uongo kwa mtu ambaye ameshatoa fedha. Taarifa ya kweli inaweza kuandikwa hivi: "Malipo ya umeme sh 5,000 yamepokelewa. Tokeni bado haijafika. Usilipe tena. Utapata ujumbe. Kumb:" ikifuatiwa na namba yenyewe ya kumbukumbu. Inatosha ndani ya herufi 160 za ujumbe mmoja mfupi, na inampa mteja kitu cha kuonyesha dirishani.